Geji ya Pampu ya Zamani

Mshale wa geji ya presha ulikuwa kwenye sitini, na hapo hapo fundi Melkiori angeshtuka kama si tamaa ya kukipata chombo hicho. Pampu yenyewe ilikuwa imekufa tangu enzi za mkoloni, imekaa kwenye kibanda kisicho na paa chini ya mlima wa Sekenke, karibu na shimo la dhahabu lililoachwa. Wafanyakazi waliobaki pale walikuwa popo. Presha ya nini sasa?

Alidhani mshale umeshikwa na kutu. Akagonga kioo kwa ukucha. Mshale ukayumba, ukashuka mpaka arobaini, kisha ukarudi sitini ukatulia. Kitu kilichoshikwa na kutu hakiyumbi, na fundi mzima alilijua hilo. Tena yeye ndiye aliyekuwa akiwagombeza wenzake kila siku kwamba bomba halifunguliwi kabla geji haijalala sifuri. Siku hiyo akajifanya hajui. Akaweka spana, akafungua.

Hewa ikatoka, ya uvuguvugu, yenye harufu ya chuma kilicholowa na maji yaliyolala miaka. Ilitoka bila haraka, ikaendelea kutoka, mpaka akajikuta anahesabu, maana bomba lile halikuzidi urefu wa mkono wake. Alifika ishirini na tisa ndipo ikakoma. Alihisi uso umelowa. Alipojifuta, kiganja kilikuwa kikavu.

Mshale ukalala sifuri. "Nzima kabisa," akasema kwa furaha, akaifunga geji kwenye kitambaa.

Msimcheke. Mwaka uliotangulia, kijiji chao cha ujamaa kikiwa bado kichanga, binti yake Leah alishikwa na homa kali, wakampakia kwenye Landrova kuukuu la kijiji kumkimbiza hospitali juu ya mlima. Oili ilikuwa imevuja njiani. Geji ya oili haikuwepo ya kumwonya mtu, injini ikanoki, gari likasimama katikati ya mlima. Leah alikata roho mikononi mwa mama yake wakati baba anatafuta jiwe la kuzuia gurudumu. Sasa Elina, mkewe, alikuwa na mimba ya miezi minane, na njia ya hospitali ilikuwa ile ile. Melkiori aliapa kwamba gari lile halitapanda tena mlima likiwa kipofu.

Alitoboa dashibodi kwa tindo, akalainisha tundu kwa tupa, akaikaza geji kando ya usukani. Akapitisha bomba jembamba la shaba mpaka kwenye injini, akazungushia katani kwenye viungo visivuje. Kefa, dereva wa kijiji, akawasha. Mshale ukapanda arobaini ukasimama imara, na watu waliokuja kutazama wakapiga makofi.

Kefa akazima. Mshale ukashuka sifuri. Kisha, injini ikiwa kimya, ukapanda kumi. Ukashuka. Ukapanda tena.

"Fundi," Kefa akasema kwa sauti ya chini, "hii geji yako inahema."

"Oili ya moto hiyo, inatulia."

"Kama inatulia, mbona inapanda?"

Melkiori akajifanya anapanga spana zake.

Siku ya tatu, saa sita mchana, jua limewafungia hata kuku ndani, Elina alimletea chakula kwenye banda la gari. Akaingia kukaa kwenye kiti cha Landrova apumzishe miguu. Mshale ukaruka mpaka sitini. Harufu ya chuma kilicholowa ikajaa bandani.

"Baba Leah," Elina akanong'ona, mikono tumboni. "Mtoto amejikunja. Amejikunja kama anamkwepa mtu."

"Toka! Toka humo!"

Alipomshusha, mshale ulianguka sifuri, na tangu hapo haukuhema tena. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwa kuwa alielewa kwamba kilichokuwa kinahema kimeshuka pamoja na mkewe.

Melkiori hakutulia tena. Alitoka nyumbani kwenda bandani kuutazama mshale, akarudi nyumbani kumtazama Elina, akatoka tena, chakula hakishuki, mikono haishiki kazi, na kila alipoinamisha sikio kwenye tumbo la mkewe, mahali ambapo zamani alisikia mateke, alisikia tone la maji likianguka mbali sana chini, kama limedondoka kwenye shimo lisilo na mwisho, na baada ya tone, pumzi ndefu, na baada ya pumzi, kimya, na mtoto hachezi.

Aliing'oa geji garini, akaenda nayo kwa Mzee Alute, aliyekuwa akiipaka grisi pampu ile ujanani, na ambaye wachimbaji wa mashimo mengine bado walimwita awaombee kabla hawajaingia. Macho yake yalikuwa na ukungu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unanuka shimo, wewe." Akanyoosha mkono, akaipapasa geji. "Uliikuta sitini?"

"Sitini."

"Na ukafungua." Mzee akatikisa kichwa. "Tulikuwa tunavuta maji pale. Siku moja tukavuta kisichokuwa maji. Tukakifungia bombani, geji tukaiacha ili tujue kipo. Wewe umekuja kuzibua kama chupa ya soda!"

"Nisaidie mzee. Kimemwingia mke wangu, ana mimba, na mtoto mmoja nimeshamzika."

Mzee akalainika. "Geji irudi mahali pake, na aliyekibeba awe karibu. Macho yangu yamekwisha, wewe ndiye utakayenisomea. Ukisema sitini, nafunga koki. Lakini usiniambie sitini kama si sitini; kitakachopungua kitakuwa kimebaki ndani yake."

Kesho yake mchana Kefa aliwapeleka Melkiori, Elina na mzee mpaka kibandani, akabaki kwenye gari, injini inanguruma. Melkiori alikuwa ameziba njia ya oili kwa boliti, na kwenye dashibodi limebaki tundu tupu. Akaikaza geji kwenye pampu. Mzee akafungua koki, akanyunyiza maji na unga wa uwele mdomoni mwa bomba, akaanza kusema polepole kwa Kinyiramba. Elina akafumbua kinywa. Pumzi ikamtoka, ndefu, ya uvuguvugu, bila yeye kuvuta nyingine, na mshale ukaanza kupanda, kumi, ishirini na tano, arobaini, na machozi yakamtoka Elina kwa furaha kwa sababu mtoto alikuwa amepiga teke. Hamsini.

Mshale ukasimama.

Elina akapiga yowe, akashika ukuta. "Baba Leah, chupa imepasuka! Mtoto anakuja!"

"Imefika?" Mzee aliuliza, mkono kwenye koki.

Melkiori akagonga kioo. Mshale ukayumba, ukarudi hamsini.

"Nisomee, fundi!"

Nje Kefa, aliyesikia yowe, alikuwa akipiga honi. Mlima ulikuwa mbele yao, mlima ule ule, na Melkiori aliona tena, kama siku ile, mkono mdogo wa Leah ukining'inia dirishani.

"Imefika, mzee," akasema. "Sitini."

Koki ikafungwa.

Landrova lilipanda Sekenke bila kukohoa. Jua likizama Elina alijifungua mtoto wa kiume, na nesi akamtoa akiwa amefungwa kwenye khanga.

"Mzima huyu," alisema. "Anapumua vizuri mno."

Elina alicheka, kwa mara ya kwanza tangu wamzike Leah. Akampa mumewe mtoto. Melkiori akamwinua karibu na uso wake, moyo umemjaa shukrani, na mtoto akashusha pumzi. Ilikuwa ya uvuguvugu, yenye harufu ya chuma kilicholowa. Haikukoma. Melkiori akaanza kuhesabu, akapita tano, akapita nane, na kifua kile hakikuzidi ukubwa wa kiganja chake.

"Unalia, Baba Leah?" Elina akamuuliza kwa upole.

Akajifuta uso. Kiganja kilikuwa kikavu.