Kikokotoo Cheusi na Gauni la Saba

Gwiza hakuwa na kompyuta. Nyumbani kwao Mbugangari, mtaa ulio jirani na mpaka wa Goma, hapakuwa na mtandao, wala meza ya kuandikia, wala kaka mkubwa wa kumwelekeza. Subira pia hakuwa nayo, ingawa hilo alikuwa bado hajalijua.

Katika klabu ya kompyuta shuleni alitengeneza kikokotoo cha mtandaoni: ukurasa wenye visanduku viwili vya kuandikia namba, na vitufe vya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Kilipoanza kufanya kazi alijaribu hesabu mbili tu, kisha akakimbilia alichokipenda zaidi, kitufe chenye picha ya mwezi. Ukikibonyeza, ukurasa wote hugeuka mweusi na tarakimu hung'aa bila kuumiza macho.

"Umejaribu desimali?" aliuliza mwenzake Valentin.

"Nimejaribu. Una wivu tu."

"Wivu wa nini? Kikokotoo cheusi kama gunia la makaa!"

Shangazi yake Nadra, fundi wa cherehani, alipofunguliwa ukurasa huo kwenye simu yake alikipenda, maana mwanga wa simu ulimchoma macho. Akakitumia kupigia hesabu ya kazi kubwa: magauni saba ya harusi, kila moja mita tatu na nusu za kitenge. Kikokotoo kikajibu ishirini na moja. Akaagiza mita hizo kwa Kabatesi, mfanyabiashara wa Goma anayevuka mpaka kila asubuhi.

Alipomaliza kukata gauni la sita, kitenge kikaisha. La saba lilikuwa la mdogo wa bibi harusi.

Kabatesi alipopita na mzigo wake, Nadra alimfokea mlangoni. "Umenipunja! Niliagiza ya magauni saba, hapa yametoka sita!"

"Mama Nadra, we unaniita mwizi mbele ya watu?" Kabatesi alijibu. "Bon, basi. Tafuta mutu mwingine." Tangu hapo hakupokea simu.

Gwiza aliyasikia yote. Alipobaki peke yake akaichukua simu ya shangazi, hesabu ikiwa bado kwenye ukurasa, akaona jinsi shangazi alivyoandika: 3,5 kwa mkato, kama wanavyoandika waliosoma kwa Kifaransa zamani. Shuleni Gwiza alizoea nukta. Akajaribu kwa nukta: 24.5. Akajaribu kwa mkato: 21. Kikokotoo kilikuwa kikifika kwenye mkato kinasimama, kinashika tatu tupu na kuiacha nusu.

Siku ile hakutulia. Alikwenda bombani akarudi na dumu tupu. Alifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Kila mwanamke aliyepita na mzigo kichwani alimdhania Kabatesi. Nani angejua asiposema?

Asubuhi alisimama mbele ya cherehani. "Shangazi, Kabatesi hakukupunja. Kikokotoo changu ndicho kilichokosea."

Nadra alichukua chaki, akazidisha juu ya meza ya kukatia. Ikatoka ishirini na nne na nusu. "Chaki ilikuwa hapa siku zote," alisema. "Na futi ya kupimia ninayo shingoni. Nikamwita mtu mwizi bila kupima."

Shuleni Gwiza alimwomba Valentin msaada. Waliongeza mstari mmoja unaogeuza mkato kuwa nukta kabla ya hesabu, kisha wakakijaribu kwa kila namba waliyoweza kuifikiria, hata kisanduku kitupu.

"Sasa mwezi wako umepata akili," Valentin alicheka.

Jioni Gwiza aliandika barua kwa Kabatesi. Alieleza kosa lake, akaomba radhi, kisha akaomba mita tatu na nusu za kitenge kilekile. Nadra aliongeza maneno yake ya radhi na kutia saini.

"Mwanangu," alisema, "rangi uliipa siku nyingi, ukweli ukaupa hesabu mbili. Kazi ya watu ijaribiwe kwanza, ipambwe baadaye. Na sote wawili tukumbuke: mzigo uliomtwika mtu bila haki, ni wewe wa kumtua."

Tuyishime, anayesukuma mizigo hadi Goma kwa baiskeli, alikuwa akisubiri mlangoni. "Kitenge ile ingali kwa meza yake," alisema. "Nimwambie akate?"

"Hapana. Asome kwanza," Nadra alijibu.

Gwiza alilamba ukingo wa bahasha, akaubana kwa kidole gumba mpaka ukashika. Tuyishime akaitia ndani ya shati, akapanda baiskeli na kushika njia ya mpakani.