Dishi la Makambako

Enzi hizo, mwaka tisini na tano, dishi la setilaiti lilikuwa jambo la kukusanya watu. Oktavia, mwalimu wa fizikia, alikuwa stendi ya Makambako akingoja basi la Njombe, sweta la mama yake limemfika magotini, aliposikia mtu juu ya paa la gesti akimwomba achungulie ndani kama picha imetokea. Akachungulia. Imetokea.

Fundi akashuka, kijana mrefu, fulana imejaa vumbi jekundu. Badru. Akamnunulia chai, kisha akauliza nani anayeisukuma setilaiti huko juu usiku na mchana. Oktavia akamchorea duara kwenye daftari. Hakuna anayeisukuma. Dunia inaivuta kwake, lakini yenyewe inakwenda kwa ubavu, kwa hiyo mvuto unapindisha njia yake tu. Mwendo hauongezeki, umbali haupungui.

“Inavutwa siku zote na haifiki,” Badru alisema. “Maskini.”

Oktavia alicheka, na moyo ukaenda na kicheko.

Mwaka mzima Badru alipita Yakobi, kijijini kwa kina Oktavia, kila Jumamosi na pikapu yake, akapiga honi barabarani, akampa kitenge au sukari, akaondoka. Hakuingia hata siku moja. Aliona Mwislamu hawezi kukanyaga ua wa baba yake Oktavia, katekista wa Kikatoliki, bila kualikwa. Oktavia aliona anachezewa, na usiku alilia.

Kisha Filbert, mwalimu mwenzake, akaleta posa. Baba yake Oktavia, mzee Laurenti, alitaka jibu Jumapili. Oktavia akapiga simu gesti ya Makambako kutoka ofisi ya shule, akamweleza Badru habari ya posa.

“Okta, mimi navutwa kwako kila wiki.”

“Najua. Na umbali ni uleule.”

“Setilaiti ikitaka kushuka inafanyaje?”

“Inapunguza mwendo, Badru,” alisema, akakata simu.

Jumapili baada ya misa, ukungu umetanda, pikapu ilisikika. Safari hii haikupiga honi. Ilipunguza mwendo, ikazima. Badru akaingia, pindo la kanzu limelowa tope, pamoja na shangazi yake Zaitun.

“Hodi, mzee.”

Laurenti alimtazama sana. “Kumbe ndiye wewe. Mwaka mzima nilidhani ni gari la mikate.”

“Nisamehe, mzee.”

“Mambo ya dini ni mazito, na hayazungumzwi mtu amesimama.” Akamgeukia binti yake. “Oktavia, lete kiti.”

Mpaka leo hakumbuki alivyofika jikoni. Anakumbuka tu kwamba alirudi na viti viwili, na kimoja, cha Badru, alikiweka karibu kabisa na chake mwenyewe.