Sufu Ndani ya Kibodi

Kigiza kilikuwa kimeanza kuingia mjini Hancock, na theluji haikuwa imepumzika tangu mchana, Wade Ruona alipoegesha pikapu yake nyuma ya sheli kumngoja mtu aliyetaka kumuuzia kibodi.

Kuna watu wanafuga njiwa, kuna wanaokusanya saa za kale. Ugonjwa wa Wade ulikuwa mlio wa kibodi. Kutwa alikuwa nyumbani akichapa madai ya bima za wagonjwa, na alishaamua kwamba kama maisha yenyewe ni kugonga vitufe, basi vitufe viwe na mlio mtamu. Alikuwa ananunua kibodi kuukuu, anaifungua, anaipaka grisi, anaijaza sponji, halafu anarekodi mlio na kuwatumia wenzake wenye ugonjwa huohuo ili wautolee hukumu. Mkewe, Corrine, alishachoka hata kucheka.

"Nyumba hii," alikuwa akisema, "mtu akipiga chafya anaambiwa kaharibu rekodi."

Muuzaji alikuja kwa miguu, mwanamke wa makamo aitwaye Leena, amekumbatia kitu kilichoviringishwa kwa taulo la kuogea. Alisimama hatua kadhaa kutoka dirishani, asisogee.

"Wewe ndiye Wade?" alinong'ona.

"Ndiye mimi. Ingia ndani dada, baridi hii itakuua."

Hakuingia. Alisogea kidogo tu, akampitishia kifurushi dirishani kwa mikono miwili.

"Ilikuwa ya shangazi yangu. Amefariki juzijuzi. Itumie hivyo hivyo ilivyo." Akasita. "Usiifungue."

Wade akatabasamu. Jamani, kila muuzaji anasema usiifungue! Huyu anaogopa kurudishiwa mzigo, yule kavunja kitu ndani akagandisha kwa gundi. Kwa watu wa ugonjwa wa Wade, kuambiwa usiifungue ni kama mtoto kuonyeshwa sukari ilipofichwa.

"Usijali, dada."

"Hakupenda makelele," Leena alinong'ona. Kisha akageuka, akapotelea kwenye theluji. Wade alidhani mafua yamemkausha sauti.

Nyumbani Corrine alikuwa akikoroga supu ya njegere. Binti yao Signe, mwenye miaka sita, alimpokea baba mlangoni na mdomo wake ambao haukuwa na breki.

"Baba, hiyo nini? Baba, mbona imevaa taulo? Imetoka kuoga? Baba, na mimi nigonge!"

"Subiri, mama. Acha baba avue viatu kwanza."

Aliiweka mezani. Kibodi ya zamani, nzito, imegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara. Akabonyeza kitufe kimoja.

Pwu.

Akabonyeza kingine. Pwu. Mlio uliokufa, kama kupiga ngumi unga uliokandwa. Wade akasikitika kweli. Chuma chote kile, halafu kinaguna tu! Hakufikiria mara mbili, akachukua bisibisi.

Kila skrubu ilikuwa imezibwa kwa nta. Akaikwangua. Mfuniko ulipoachia, harufu ikapanda: moshi wa zamani na maziwa yaliyochacha. Ndani kulikuwa kumeshindiliwa sufu ya kijivu, imesokotwa, imefungwa mafundo mafundo. Na katikati ya mafundo, nyuzi ndefu nyeupe.

"Wade, hizo ni nywele," Corrine alisema.

"Za paka."

"Paka gani ana mvi za urefu huo?"

"Bibi wa watu alikuwa anazuia mwangwi, basi. Enzi zao hawakuwa na sponji." Akaizoa sufu yote, akafungua jiko la kuni, akaitupa ndani.

Haikuwaka mara moja. Ilijikunja. Halafu kwenye bomba la moshi kikasikika kitu, kama mtu aliyebana pumzi miaka mingi na sasa anaiachia...

Haaaa...

"Upepo huo," Wade alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. Sikio la kufa halisikii dawa.

Akafanya kazi yake kwa raha zote. Kila swichi aliipaka grisi kwa brashi ndogo. Chini ya kitufe kirefu alibandika vipande vya plasta ya kidonda, ili waya wake usicheze. Mgongo wa bodi aliufunika kwa utepe wa karatasi. Akajaza sponji, akafunga, akaweka kipaza sauti. Corrine akafunga bomba la maji bila kuambiwa, maana alishazoea. Chini ya meza, Signe alikuwa akiimba.

"Signe, nyamaza baba arekodi."

"Naimba kidogo tu."

"Nyamaza, mama." Wade akashusha vidole. "Nyamaza kabisa."

Signe akanyamaza.

Tok. Tok-tok. Tok.

Nywele zilimsimama Wade. Miaka yote hakuwahi kusikia mlio kama ule. Ulikuwa mnene, wa duara, kama mawe ya mtoni yanayogongana chini ya maji. Na kulikuwa na kitu kingine ndani yake, kitu chenye joto. Alichapa hadi machozi yakamlengalenga, akamtumia rekodi rafiki yake Dario.

Sauti ya Dario ikarudi upesi. "We mchawi wewe! Umepaka nini humo? Nimesikiliza nikasimama! Ila rafiki yangu, rekodi umeiharibu. Binti yako anacheka nyuma ya kila kitufe."

Wade akacheka. Signe alikuwa kimya, yeye mwenyewe ni shahidi. Akairudia rekodi, akasogeza sikio.

Tok... na chini yake, kipande cha kicheko. Kimekatwa. Tok... kingine.

"Wade." Sauti ya Corrine ilikuwa ndogo. Alikuwa amepiga magoti kando ya meza. "Wade, mtoto analia."

"Mbona simsikii?"

"Hata mimi simsikii."

Signe alikuwa chini ya meza, uso umelowa, mdomo wazi mpaka mwisho, mishipa ya shingo imetutumka. Alikuwa akilia kwa nguvu zake zote.

Kimya.

Hata pumzi yake haikusikika.

Corrine alimbeba, akamwangalia koo, akampigapiga mgongoni. Akapiga simu hospitali, akaambiwa barabara imefungwa kwa theluji, wasubiri kupambazuke. Wade alichukua simu yake. Aliitafuta namba ya Leena. Simu ilipokelewa, lakini hakuna aliyesema halo.

"Umeifungua," mnong'ono ulisema.

"Dada, binti yangu..."

"Ulimwambia anyamaze?"

Wade aliitazama kibodi. Hapo ndipo alipotambua kwamba mwanamke huyu, tangu kule sheli, hakuwahi kutoa sauti zaidi ya mnong'ono. Yalikuwa ni mafua gani hayo?

"Na wewe pia," Wade alisema.

"Nilikuwa mtoto. Shangazi alikuwa anachapa, mimi nacheza, akaniambia ninyamaze. Bibi yangu ndiye aliyeishindilia sufu ile na nywele zake mwenyewe. Akawahi. Mnong'ono huu ndio alioniokolea." Akavuta pumzi. "Irudishe sufu."

"Nimeichoma."



"Basi chapa," Leena alinong'ona. "Ukichapa, atasema. Ila mimi usiniulize atasema nini."

Wade alikaa mezani. Akabonyeza kitufe kimoja. Tok.

"Ba," Signe alisema.

Tok.

"Ba."

Corrine akapiga yowe. Wade akachapa, akachapa, herufi ovyo tu bila maana, na sauti ya mtoto ikaja kwa vipande, kisha ikaunganika: "Baba naogopa, nilikuwa nawaita, mbona mlikuwa hamnisikii?"

"Tunakusikia mwanangu! Ongea, mama! Ongea mpaka uchoke, baba hatakuambia tena unyamaze!" Wade alikuwa akilia waziwazi, kamasi zinamtiririka, na hakuthubutu kuinua mkono kujifuta. Alipoacha kuchapa kidogo tu ili abadilishe mkao, sauti ya Signe ilizimika katikati ya neno.

Basi maisha yao yakawa hayo. Madaktari walisema koo ni zima kabisa. Wakati wa kula, Corrine alishika kijiko na Wade akachapa ili mtoto aseme kama supu ni ya moto. Mmoja akichoka, mwenzake alipokea zamu. Vidole vya Wade vilichubuka, akavifunga plasta, akaendelea. Mlio ule mtamu hakuupenda tena. Lakini angeacha vipi? Ndani yake ndimo alimokuwa mwanawe.

Jumapili asubuhi jua lilitoka. Wade alikuwa amekaa kitandani kwa Signe akimchana nywele, na Corrine alikuwa akikunja nguo dirishani. Walikuwa wamekubaliana kupumzisha mikono kidogo. Kibodi walikuwa wameiacha jikoni.

Tok.

Chanuo likasimama.

Tok-tok. Tok. Taratibu, bila papara, uchapaji wa mtu aliyejifunza kazi hiyo zamani na kuijua. Wade alimtazama mkewe. Corrine alimtazama yeye. Hakukuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba.

Midomo ya Signe ikafunguka.

"Habari za asubuhi," alisema kwa sauti yake ileile, nyororo, ya miaka sita. "Nyumba hii ina mwanga mzuri."

"Signe?" Wade alinong'ona. "Ni wewe unayesema?"

Macho ya mtoto yakajaa machozi. Akaushika mkono wa shati la baba yake kwa nguvu, akatikisa kichwa. Hapana. Hapana. Na mdomo wake uleule ukaendelea, ukifuata vitufe vya jikoni.

"Nitakaa hapa. Mtoto huyu ana sauti inayonifaa."

Corrine aliangusha nguo, akapiga ukelele uliotikisa kioo cha dirisha.

Jikoni vitufe vilienda kasi.

"Nyamaza, Corrine," Signe alisema, huku akitikisa kichwa, akitikisa, machozi yakimruka mashavuni, na mikono yake midogo ikijaribu kuuziba mdomo wake mwenyewe.

Wade aligeuka kumtazama mkewe. Mdomo wa Corrine ulikuwa bado wazi, ila ukelele haukusikika.