Kitambaa Chekundu cha Bibi

Jioni ile nilikuwa napeleka sare za shule za pacha wa jirani. Ningeweza kumtuma mtu, lakini nilitaka kumwona mama yao uso kwa uso.

Bibi yangu alikuwa fundi cherehani, ndiye aliyenifundisha kazi. Uzeeni akili ikamtoka. Kila magharibi akawa anagonga milango ya watu: "Kwangu ni wapi, wanangu?" Tukapigilia kitambaa chekundu mlangoni petu, akikiona ajue amefika. Mtaa ukamwita mchawi. Hata wale aliowashonea nguo za harusi walimfungia milango. Mama Pacha, hodari wa mizaha, akakibandua kile kitambaa, akakifunga kwenye mti ukingoni mwa machimbo ya mawe.

Bibi akakifuata.

Tulimzika nacho. Nilikiweka kiganjani mwake mimi mwenyewe.

Basi jioni ile, nilipofika kwa Mama Pacha, harufu ikanipiga... mafuta ya cherehani. Nikanusa zile sare. Hazikunuka.

Tak-tak-tak-tak...

Sauti ya cherehani, ilitoka machimboni.

Mama Pacha alikuwa nje, peku.

"Mama, ingia ndani!" pacha walilia mlangoni.

"Hawa watoto wa nani?" aliniuliza kwa kunong'ona. "Fundi... kwangu ni wapi?"

Nywele zilinisimama. Kisha nikacheka. Ndiyo, nilicheka! Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Si pale?" akanyoosha kidole.

Nikageuka. Kwenye mti wa machimboni kitambaa chekundu kilikuwa kinapepea. Upepo haukuwepo.

Akaanza kwenda. Sikumwita. Pacha ndio waliomkimbilia, wakamng'ang'ania miguu hadi majirani wakatoka. Tulipotazama tena, mti ulikuwa mtupu.

Hajapona mpaka leo. Kila magharibi anagonga milango, na mtaa uleule, kwa midomo ileile, unamwita mchawi. Roho yangu imeburudika, siwezi kusema uongo.

Jana pacha walikuja kwangu, wamevaa zile sare.

"Shangazi, tushonee kitambaa chekundu cha mlangoni, Mama akione. Na utupigilie wewe, sisi hatufikii."

Nimeshakishona. Kiko hapa mapajani, kipya kabisa, na kinanuka udongo. Nje giza linaingia, na huko machimboni cherehani imeanza tena.

Nyundo ninayo. Sijaamua nitakipigilia wapi.