Koti la Felisa Tarqui

Waliokuwepo kwenye meza ya mitumba siku ile ya soko, kule El Alto, mji wa milimani, ni hawa: Casilda Yujra, mnunuzi; mumewe, Eusebio Tarqui, aliyebeba kapu la viazi; binti yao, Felisa Tarqui Yujra, aliyekuwa akitafutiwa koti; na Teodosia Apaza, mwenye meza. Hapakuwa na mtu mwingine. Casilda alilisisitiza jambo hilo baadaye, kila alipoulizwa ni nani aliyekuwa amelivaa koti lile kabla hajalishika.

Kwa maana lilikuwa na joto. Jua lilikuwa halijachomoza, barafu ilikuwa bado imeganda kwenye maturubai, na nguo zote zilikuwa baridi kama bati. Lakini alipopenyeza mkono ndani ya lile la kijani alikuta joto la kwapani, kama la mtu aliyelivua sasa hivi.

"Umeliweka karibu na jiko?" aliuliza.

"Jiko gani, mteja wangu? Mimi mwenyewe natetemeka hapa."

Siku za kazi Felisa aliuza api, uji wa mahindi ya zambarau, kando ya barabara tangu alfajiri. Koti lake la manyoya ya bata lilikuwa limelowa mvuke wa sufuria na theluji hadi manyoya yakashikamana mabonge. Kwa hiyo Casilda alitaka lenye pamba ya kiwandani, ambayo hata ikilowa bado inatia joto. Alilikunja, likajikunjua upesi. Alilipulizia kwa mdomo, pumzi haikupita. Akapandisha zipu, akaishusha, akaipandisha tena.

"Unanunua koti au unamkagua ng'ombe?" Eusebio alimtania.

"Ng'ombe sikumkagua siku ya harusi yangu, na unaona nilichopata."

Teodosia alicheka mpaka akashika meza. Wakalichukua.

Haukupita muda, lori lililokatika breki lilipita juu ya jiko la Felisa na kumkosa yeye kwa upana wa kiganja. Hakuumia. Lakini tangu hapo alilala akitazama ukuta, hali chakula, hajibu. Kwa watu wa pale hilo halikuhitaji maelezo: roho yake ilikuwa imebaki pale aliposhtuka, na ilibidi iitwe kwa nguo yake. Akaletwa mganga, mzee Hilarión Condo.

"Nguo hii ni yake?"

"Ni yake, baba. Ndiyo aliyovaa siku ile."

Jioni mzee Hilarión alilipunga koti juu ya alama za matairi. "Njoo, Felisa. Usikae kwenye baridi. Mama yako yuko hapa, twende nyumbani." Casilda akalibeba bila kugeuka nyuma, kama inavyotakiwa, na kadiri alivyokwenda ndivyo lilivyozidi kuwa zito, mikono ya koti ikining'inia na kumpigapiga mapajani kama mikono yenye mifupa, na kutoka kwenye kola ikaja harufu ya dizeli na ya majani ya koka yaliyotafunwa, harufu ambayo binti yake hakuwahi kuwa nayo, mpaka akafika mlangoni akihema na kulitupa juu ya kitanda.

Felisa akaamka. Akaomba chakula, akamaliza sufuria nzima ya viazi. Casilda alilia kwa furaha. Kisha msichana akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, polepole, kama mtu mwenye masharubu.

"Nani alifua nguo zangu?" aliuliza.

"Nguo zipi, mwanangu?"

"Za msiba wangu. Siku ya nane ilifika, hamkwenda mtoni. Hamkuzifua, hamkuzichoma. Mmeziuza."

Sauti ilikuwa ya Felisa kabisa.

Asubuhi mzee Hilarión alisimama uani, kofia mkononi. "Mama Casilda, nilikuuliza."

"Uliniuliza kama ni yake. Nililinunua, baba. Ni yake!"

"Tumeliita jina la binti yako kwa nguo ya marehemu. Aliyeitika ni mwenye nguo." Akashusha sauti. "Likifuliwa na kuchomwa, atatoka. Akitoka, na roho ya Felisa haipo karibu, utabaki na mwili mtupu."

"Na tukiliacha?"

"Utaishi na huyo."

Casilda alichungulia chumbani. Binti yake alikuwa ameketi, mashavu yamerudiwa na rangi, akimenya viazi kwa vidole vile vile ambavyo Casilda alivikata kucha tangu vilipokuwa vidogo, na kwa muda mrefu mama huyo alisimama akiwaza kwamba vidole vina joto, kwamba kifua kinapanda na kushuka, kwamba majirani hawangejua, na kwamba pengine hata yeye, miaka ikipita, angesahau.

"Mama," mgeni aliyekuwa ndani yake alisema, akilijaribu neno hilo. "Mbona mnanong'ona? Nje kuna baridi. Niacheni nikae."

Casilda akamgeukia mumewe. "Eusebio. Lipeleke mtoni."

"Casilda..."

"Nenda, baba Felisa. Nenda kabla sijakuzuia."

Alipokwenda, Casilda alitoa shali aliyombebea binti yake mgongoni alipokuwa mchanga, akakaa kitandani, akaanza kumwita kwa jina lake lote. Mgeni alilia kwanza kwa kubembeleza, kisha kwa baridi, meno yakigongana, akimshika Casilda kiganja na kuapa kwamba angeuza api, angekuwa mtoto mwema, angejibu jina lolote; na Casilda aliendelea kuita juu ya kilio hicho, akisikiliza mlangoni kati ya wito na wito, hadi moshi mweusi wa plastiki iliyoyeyuka ulipopanda kutoka upande wa mto na mkono uliomshika ukalegea.

Wito haukuitikiwa, na Felisa Tarqui Yujra alifariki mchana huo, baba yake akiwa bado mtoni.