Aliyezoea Kusomewa

“Na huko kwako, nani atakuwa anasoma?”

Aliyeuliza alikuwa bibi mmoja msokotaji wa sigara, mwenye vidole vilivyogeuka rangi ya chai, na mkalimani alilitafsiri swali neno kwa neno. Fundi lifti akacheka. Aliona ni porojo za biashara, zile za kumfanya mgeni ajione amenunua kitu chenye historia. Akalipa, akapiga picha, akaondoka na sanduku lake dogo la mbao kwapani. Swali akaliacha pale pale mezani.

Tusimwonee. Mtu huyu amemaliza ujana wake ndani ya mashimo ya lifti, ananing'inia gizani kwenye harufu ya grisi ili watu wengine wapande juu bila kutoka jasho. Safari ile ya mafunzo huko Kuba ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Siku ya mwisho wenyeji wakawatembeza kwenye karakana ya sigara za Kuba, zile nene za majani matupu, na huko akaona jambo lililomfurahisha kuliko lifti zote alizoonyeshwa: wafanyakazi wamekaa kwenye mabenchi kama wanafunzi, kila mmoja na ubao wake na kisu kipana kisicho na mpini, na mbele yao, kwenye kiti kirefu, mtu mmoja anawasomea. Gazeti asubuhi, riwaya mchana. Kazi yake ni hiyo tu. Pakiwapendeza, wanagonga visu kwenye mbao. Pasipowapendeza, wanaviangusha sakafuni.

Benchi moja halikuwa na mtu. Lilikuwa na majani yaliyolowanishwa, kisu, na sigara zilizosokotwa vizuri kuliko zote mle ndani. “Za hapo huwa hawauzi,” mkalimani alimwambia. Basi ndizo alizozitaka. Kuna wanaume ukiwaambia hiki hakiuzwi, umeshawauzia. Aling'ang'ana mpaka bibi akamfungia, na wakati anafunga ndipo akauliza lile swali.

Mke wa fundi ni mtangazaji wa kituo cha mabasi. Kuanzia alfajiri hukaa ndani ya kibanda cha vioo, mdomo kwenye kipaza sauti: abiria wa basi la saa nane sogeeni mlango wa tatu, mama mwenye begi jekundu rudi ofisini, mtoto wako analia. Wenzake wanamwita Spika. Akirudi nyumbani anataka kitu kimoja tu, kunyamaza. Anavua viatu, anatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, na watu wa nyumba wanajua kwamba kwa muda huo hasemeshwi. Hiyo ndiyo starehe yake. Haina sanduku la mbao, na hakuna aliyewahi kuipiga picha.

Jioni ya kwanza fundi alikaa barazani, akakata ncha ya sigara kwa uangalifu kama alivyofundishwa, akaiwasha.

“Njoo unuse, mama watoto! Hii siyo takataka ya dukani.”

“Naisikia kutoka hapa hapa,” Spika akajibu, miguu ndani ya beseni.

Alivuta taratibu, amefumba macho. Alipoinama kutaka kukung'uta majivu, akakuta kisahani chake kisafi. Majivu yote yalikuwa upande wa pili wa meza, mbele ya kiti ambacho hakikukaliwa na mtu, yamejikusanya kilima kidogo, bado ya moto.

“Upepo,” akasema. Hapakuwa na upepo.

Halafu harufu ikaanza kutembea. Iliingia kwenye maziwa, ikaingia kwenye foronya, ikakaa kwenye nywele za binti yao wa chuo hata akitoka kuoga. Na kabatini, alikoweka lile sanduku, pakaanza mlio: jani linachanwa polepole, kisha kisu juu ya ubao, ko, ko. Ukifungua, kimya. Ukifunga, ko. Sanduku lenyewe halikupungua. Fundi alivuta, akawagawia majirani wakae wasikilize habari za safari, akafungua tena, limejaa.

“Baraka hizo,” alisema, kwa sauti ya mtu anayetaka akubaliwe haraka.

Siku alipoisahau miwani kazini ndiyo iliyowamaliza.

“Nisomee hapa tu, mama watoto. Habari za mpira.”

“Nimeongea tangu saa kumi na moja asubuhi, baba watoto.”

“Kidogo tu jamani.”

Spika akasoma. Sauti yake, hata ikiwa imechoka, ni ya kuaminika. Ndiyo inayowafanya watu wasiojuana wanyanyuke kwa pamoja. Mlio wa kabatini ukatulia. Alipofika mwisho wa habari, kisu kikagonga ubao, mara kadhaa, kwa adabu. Ko, ko, ko.

Sigara ikamtoka fundi mdomoni. Mlio ule aliujua. Akawasimulia mkewe na binti, kwa sauti ndogo kama mtoto aliyevunja kikombe, habari za karakana, za benchi tupu na za swali la bibi.

“Ulimjibu nini?” Spika akauliza.

“Nilicheka.”

Spika akalikunja gazeti. Pale pale kitu cha chuma kikaanguka ndani ya kabati, kwa nguvu, na kifua cha fundi kikajifunga. Akafungua mdomo kutafuta hewa na badala ya kuingia hewa ukatoka moshi, mzito, wa bluu, ingawa sigara ilikuwa imeshaanguka, na midomo yake ikageuka rangi ya jivu.

“Soma, mama! Soma chochote!” binti akapiga kelele.

Spika akasoma kilichokuwa mbele yake, tangazo la magodoro. Magodoro imara, hayabonyei, bei nafuu. Pumzi ya fundi ikarudi. Kabatini wakagongewa ubao.

Tangu hapo Spika akawa na kazi mbili. Akimaliza kuwasemea abiria, anakuja kumsemea mumewe pumzi. Alisoma magazeti mapya na ya kufungia vitu, alisoma vitabu vya watoto, maelekezo ya pasi ya umeme, masomo ya sheria ya binti yake. Beseni likakauka nyuma ya mlango. Walijaribu redio, kisu kikaanguka. Wakajaribu kuirekodi sauti yake kwenye simu, kisu kikaanguka. Binti akasoma yeye, kwa sauti ileile anayowashindia watu mdahalo, kisu kikarushwa mpaka mlango wa kabati ukapasuka. Walilichoma sanduku nyuma ya nyumba. Asubuhi lilikuwa mahali pake, limejaa, linanukia vizuri zaidi. Hospitali wakapima kifua cha fundi, wakasema ni kisafi.

Na hili ndilo lisilomezeka: fundi alizoea. Mtu huzoea haraka shida inayobebwa na mwenzake. Alianza kukaa tena kwenye kiti chake, miguu mbele, sigara mkononi, mkewe pembeni anasoma huku amejishika koo.

“Ukweli usemwe,” alisema jioni moja, “zinakuwa tamu zaidi ukisoma.”

Binti akaweka kijiko chini. “Baba, umejisikia?”

“Nimesema nini kibaya? Mtu hana haki ya kufurahi kwake?”

“Anayo. Na mama ana haki gani?”

“Mama yako kusema ndiyo kazi yake.”

“Kazi yake ni ya kituoni, na wanamlipa. Hii ya hapa kaajiriwa na nani?”

“Usinifanyie mdahalo mezani.”

“Basi jibu, usikimbilie kuahirisha kikao.”

“Jamani,” Spika akasema bila kuinua macho, “niacheni nimalize ukurasa.”

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira pengine ingesaidia. Alikuwa amechoka tu, uchovu ule unaomfanya mtu amimine chai pembeni ya kikombe na kuitazama inavyosambaa. Daktari alimmulika kooni, akamwambia wazi kwamba nyuzi za sauti zimevimba, na asiponyamaza sasa, atanyamazishwa maisha. Wiki hiyohiyo, kituoni, alibonyeza kipaza sauti na kikatoka kitu kama mchanga unaomwagwa. Watu waliendelea kukaa kwenye mizigo yao. Basi likaondoka nusu tupu. Mkuu wa kituo hakufoka, alimwita kando tu: “Dada Spika, nenda kapone. Ukichelewa itabidi nimweke mwingine kwenye kiti.”

Ndipo wakamleta mganga wa majini, mama wa makamo mwenye mkoba wa ngozi na macho ya mtu aliyetoka nyumba nyingine yenye msiba wa aina hii. Akafukiza ubani, akafungua kijitabu chake, akaanza kusoma maneno ya kufukuzia.

Ko, ko, ko.

Akasoma makali zaidi, anatema mate kushoto na kulia, jasho linamtiririka. Ko, ko, ko, ko, kwa furaha kabisa. Binti alijikuta anabana kicheko.

Mganga akafunga kijitabu. “Amependa,” akasema kwa kunong'ona.

“Kapenda nini?” fundi akauliza.

“Kapenda nilivyomsomea. Mimi majini nayatoa kwa maneno, baba. Huyu maneno ndiyo chakula chake.” Akamtazama binti. “Na wewe usijaribu tena kumsomea. Leo anakasirika, kesho atakuzoea. Akikuzoea, ndiyo umeolewa.”

“Sasa nani atamwambia aende?” binti akauliza, naye ananong'ona.

“Amri hasikii. Anamsikiliza anayempenda, na anayempenda ni huyu hapa.” Akamwonyesha Spika kwa kidevu. “Ila hata huyu hajawahi kumwambia neno. Anamsomea tu maneno ya watu wengine.” Akachukua mkoba wake, akawaonea huruma kwa macho, akaondoka kabla chai haijamiminwa.

Jioni ile jua lilikuwa bado limeegemea dirishani kisu kilipoanza kugongagonga bila subira, na Spika akakaa mezani na gazeti kama kawaida, fundi upande huu, binti upande ule, na kile kiti cha nne ambacho siku hizi hakuna aliyethubutu kukisogeza. Akasoma. Sauti ilikuwa imebaki mkwaruzo, ukurasa wa kwanza ukaisha kwa mkwaruzo huo, wa pili ukaanza na ndani yake maneno yakaanza kutoka bila miisho, kisha bila mianzo, mpaka ikawa ni midomo tu inayotembea na hewa inayopita katikati yake, na kabatini kisu kikaacha kugonga, kikasubiri, kikaanguka, na safari hii mlango wa kabati ukafunguka wenyewe na harufu ya majani mabichi ikaingia chumbani kama mtu anayeingia kwake, ikazunguka meza, na kiti cha nne kikalia mlio wa mbao inayopokea uzito.

Fundi akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Moshi ulikuwa unamtoka puani.

“Soma,” akasema, “mke wangu, kidogo tu, mstari mmoja, soma.”

Spika akamtazama. Alimtazama kwa muda, huyu mwanaume aliyemzoea kuliko mkono wake mwenyewe, jinsi hata sasa, na kifo kimemkalia kifuani, neno lililomjia lilikuwa lilelile, kidogo tu. Binti akanyakua gazeti, akafungua mdomo, na mama yake akaweka kiganja juu ya karatasi, akabonyeza, akatikisa kichwa. Hapana. Siyo wewe. Haturithishani hii.

“Mama, atakufa!”

Spika akalivuta gazeti, akaligeuza ili maandishi yaelekee upande wa pili, akalisukuma polepole juu ya meza, likapita karibu na kisahani cha majivu, mpaka likafika mbele ya kiti cha nne. Akanywa funda la maji. Pumzi ya fundi ilikuwa imesimama katikati, haiingii wala haitoki, na macho yamemtoka, yanatazama pale gazeti lilipo, ambapo pembe ya karatasi ilianza kuinuka, kidogo kidogo, kama inayoshikwa na vidole visivyo na uhakika kama vimeruhusiwa.

Akajikaza, akaikusanya sauti yote iliyokuwa imebaki, ile aliyoambiwa na daktari aifiche, na kwa mara ya kwanza akayasema maneno yake mwenyewe, siyo kwa mumewe bali kwa kile kiti cha nne.

“Mwenzangu,” akasema. “Mimi nimechoka. Leo nisomee wewe.”