Taa Mlangoni Kihanga

Stendi ya Kayanga ilikuwa imefurika watu pale mguu wa kamera ulipolinasa gauni la kitenge la Avelina.

"Kaka, unanifunga kama mbuzi?"

"Samahani, dada," alisema Projest, mpiga picha kutoka Murongo, akihangaika kulinasua. "Nawahi kupiga picha za nyota."

"Mchana huu?"

Avelina akacheka, na kicheko hicho kikammaliza kijana wa watu. Haikuchukua muda wakawa wanapigiana simu kila jioni, hadi Avelina akamkaribisha kwao Kihanga apige picha moja pana ya anga juu ya nyumba ya mama yake.

Usiku alipofika, Projest alimwamkia mama Benadeta, kisha akatega kamera uani, kando ya migomba.

"Napiga vipande vingi, halafu naviunganisha," alimweleza Avelina. "Mwanga na rangi nimevifunga visibadilike. Kamera ikijiamulia yenyewe, huku anga litakuwa la bluu, kule la kahawia."

Katikati ya kazi, mama akatoka na taa ya chemli, akaiweka mlangoni.

"Waitu, jamani, mwanangu akiwa nje mimi sikai gizani," alisema. Hakuna aliyethubutu kumkatalia.

Mwezi uliofuata mama Benadeta alifariki ghafla. Matanga yalipokwisha, Projest alileta picha kubwa, anga lote rangi moja, hata pa kuungia hapaonekani. Avelina alitazama mlangoni tu. Palikuwa giza.

"Taa iko wapi?"

"Ilifanya kipande kile kuwa cha njano, mpenzi. Nikaufuta mwanga wake, kilingane na vingine."

"Umeizima taa ya mama yangu!" Akamfungia mlango.

Simu hakupokea, ujumbe hakujibu. Projest alikonda, na hakuwa na wa kumlaumu. Mwishowe akamfuata kwenye duka lake la vitenge Kayanga.

"Picha za mwanzo, zenye taa, nilizifuta kadi ya kamera ilipojaa," alisema akiwa bado amesimama. "Nimetafuta kila mahali. Hazipo, Avelina. Kosa ni langu."

Avelina aliendelea kukunja kitenge.

"Ungeichora taa kwa kompyuta. Nisingejua."

"Nilianza kuichora, ikapendeza kweli. Nikaifuta. Ile aliiwasha mama kwa ajili yako. Nikikuwekea ya kwangu, nitakuwa nakudanganya maisha yako yote."

"Maisha yangu yote? Kwani utakuwepo?"

"Ukinikubali."

Hapo machozi yakamshinda Avelina. Alilia kwa uchungu aliokuwa ameubana tangu mazishi, na Projest akamshika mkono.

"Watume wazee wako kwa baba yangu mdogo, Jumapili baada ya ibada," alisema alipotulia.

"Na picha?"

"Tutaitundika sebuleni kwetu. Watoto wakiuliza kwa nini kwa bibi yao kuna giza, wewe ndiye utakayewaeleza."